Nina vichache tayari: hija ya miguu itanifundisha nini?

Swali la msomaji wa Goma:

"Mwalimu, jambo. Mimi ni mama wa watoto watano, tunapanga chumba kimoja Majengo. Nyumba yetu ya Buhene ilichukuliwa na lava ya mlima Nyiragongo mwaka 2021, na baba watoto hana kazi. Mwaka jana nilikwenda Namugongo, kwa Mashahidi wa Uganda, na kikundi cha parokia. Toka Mbarara tulitembea kwa miguu. Nilibeba blanketi, sufuria, kilo tano za unga na bidoni (dumu) ya lita 20 ya kurudishia maji ya Mashahidi. Nilibeba pia maombi ya majirani. Nilirudi miguu imevimba na moyo mkavu. Wenzangu walitoa ushuhuda kwenye shirika, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, kwamba wamejifunza kuishi na vitu vichache na kushukuru kwa yote. Mimi nilinyamaza. Vichache ninavyo tayari. Hija itanifundisha nini? Na nitashukuruje bila kusema uongo? Mwaka huu wananiita tena, na binti yangu wa miaka 14 anataka kuja. Nifanye nini?"

Jibu:

Jambo, Mama. Ulifanya vema kunyamaza siku ile. Ungesimama mbele ya shirika ukasema umeshukuru huku moyo umekauka, ungekuwa umeshajibu swali lako kwa uongo, na leo usingeniuliza. Kazi yangu ni kuongoza mahujaji wa miguu na kuwafundisha kusali njiani. Nakwambia wazi kwamba swali hili wanalo wengi, ila wanaona haya kulitoa mdomoni.

Maneno mengi tunayoyasikia juu ya kutembea na vitu vichache yametoka kwa wanaohiji Santiago de Compostela, kule Hispania. Njia ile ina zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 2024 peke yake, karibu watu 500,000 walipokea hati ya kufika kaburini kwa Mtume Yakobo, na wanaoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port huko Ufaransa hutembea karibu kilomita 780. Wengi wao wametoka kwenye nyumba zenye makabati yaliyojaa. Wanaambiwa mzigo usizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili, basi wanabaki na nguo mbili, moja mwilini na nyingine kwenye kamba. Baada ya wiki mbili wanashangaa kwamba hakuna kilichopungua. Kwao hilo ni fundisho la kweli na linawabadilisha, silidharau hata kidogo. Lakini mtu akilichukua jinsi lilivyo akamletea mama aliyetoka Buhene usiku wa tarehe 22 Mei 2021 akiwa na watoto mkononi, anamtukana. Wewe somo la nguo mbili ulipewa bila kuliomba, na hakuna anayestahili kukusomea tena.

Kwa hiyo uache nini, wewe uliyekwisha kunyang'anywa? Mimi naona mambo mawili, na yote yana uzito kuliko ile bidoni.

La kwanza ni hesabu. Hebu tazama siku yako hapa mjini. Kabla hakujapambazuka umeshauliza kama maji yatatoka au mtoto ateremke ziwani, makala (mkaa) yamefika bei gani, mwenye nyumba atapita leo au kesho, minervali (karo ya shule) ya mkubwa itatoka wapi, unga utatosha mpaka usiku. Unahesabu ukiwa umelala, unahesabu ukisali. Hujapumzika kuhesabu tangu ulipokuwa msichana, na ndiyo sababu uchache wa vitu haukukupa wepesi wowote. Aliye na kidogo huhesabu zaidi ya aliye na kingi. Njiani siku ina maswali manne tu: maji yako wapi, tunakula wapi, miguu inasemaje, tunalala wapi. Na hata hayo manne mengi yako mikononi mwa kiongozi wa kikundi na parokia zinazowapokea. Kutoka Mbarara hadi Namugongo kuna karibu kilomita 285. Mkitembea 25 au 30 kwa siku, mnahitaji siku kumi hivi, kumi na moja mkipumzika. Siku kumi ambazo mtu mzima hahesabu unga! Kwa mama wa Majengo hiyo ni nafasi ambayo huenda hajaipata maisha yake yote, na ndiyo ninayoita wepesi.

Lakini mwaka jana hukuipata, kwa sababu ulitembea na nyumba yako yote mgongoni. Sufuria na kilo tano za unga maana yake ni nini? Ni kwamba hukuamini kuwa kuna mtu atakulisha. Sikulaumu, maisha yamekufundisha hivyo. Ila ukibeba unga unabeba na hesabu ya unga: nani apewe, utafika lini, nani amechota. Mwaka huu acha sufuria, acha unga. Chukua nguo mbili za kubadilisha, kitenge kimoja kizito kitakachokuwa shuka usiku na mwamvuli wa jua mchana, koti la mvua la plastiki (mwisho wa Mei mvua bado inanyesha kule), soksi jozi tatu, sabuni, vazelini, rozari, chupa ya maji, karatasi za mpaka. Blanketi lichukue ikiwa tu mnaanzia juu, Kisoro au Kabale, maana baridi ya usiku kule si mchezo. Pima mzigo wote. Ukizidi kilo sita, kuna kitu umekiweka kwa woga, kitoe.

Na bidoni, Mama. Lita 20 za maji ni kilo 20. Najua watu wanakungoja mtaani wakitaka maji ya Namugongo, na najua ni aibu kurudi mikono mitupu. Chukua chupa ya nusu lita. Tone moja kwenye paji la uso la mgonjwa linatosha kwa imani ya Kanisa, na mgongo wako nao ni wa Mungu.

Jambo la pili la kuacha ni gumu zaidi, na kwa akina mama wa kwetu ndilo linalogoma: kuacha kuwa wewe tu unayetoa. Kwako watoto wanakula kwanza, baba anafuata, wewe unakwangua chungu. Mgeni akifika unaamka. Jirani akifiwa unapika. Ni vizuri, ni heshima yako, lakini kuna hatari ndani yake: mtu asiyepokea kamwe hawezi kushukuru, kwa sababu hakuna aliyempa kitu. Moyo unakauka hapo. Nadhani wako ulikaukia hapo.

Utakumbuka kipande cha barabara kati ya Lyantonde na Masaka. Asubuhi na mapema unawakuta watu wamesimama kando ya lami na ndoo ya maji, kikombe kimoja, wanangoja mahujaji. Wengine wana uji kwenye thamosi. Wamo Waislamu, maana Masaka ina Waislamu wengi, na wanatoa sawasawa na wengine. Mara nyingi nimewaona akina mama wa Goma wakipita pale wakisema "asante, ninayo yangu", wakionyesha chupa. Wanaona haya kumnywea masikini maji yake. Mimi nawarudisha. Nawaambia: simama, shika kikombe kwa mikono miwili, mtazame usoni, kunywa yote, mrudishie, mwulize jina. Yule mama amechota maji usiku ili ayatoe. Ukiyakataa unamwachia ndoo yake imejaa. Na wewe umepitwa na kitu ambacho ungekitaja jioni.

Kule Hispania, katika kijiji cha Grañón, mahujaji hulala ndani ya jengo la kanisa, na pana sanduku la pesa lililo wazi lenye maandishi yanayosema uache unachoweza au uchukue unachohitaji. Wanaolisimamia wanajua kwamba wengi wataacha. Kuchukua ndiko kunakohitaji unyenyekevu mkubwa zaidi. Mwaka huu nakuomba uwe mwenye kuchukua. Ukipewa ndizi, kula. Ukipewa nafasi ya kulala karibu na ukuta, lala. Na jioni mwenzako akitaka kukuosha miguu, kubali.

Hapa kwenye miguu nitakaa kidogo, maana wengi wanafikiri ni jambo la mwili tu. Mkifika parokiani jioni, leteni beseni, maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo. Mmoja akae, mwingine apige magoti. Anavua soksi taratibu, kwa sababu pale ilipogandia ngozi itachanika ukivuta. Anatazama kisigino, anatazama kati ya vidole, anatazama chini ya kidole gumba ambako lengelenge huanza kama doa jekundu lisilo na maji bado. Doa hilo likionekana siku hiyo hiyo, linafunikwa na plasta na kesho unatembea. Likiachwa, kesho ni maji, keshokutwa ni kidonda. Lengelenge kubwa linalouma hutobolewa pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, maji yatoke, na ngozi ya juu ibaki palepale, usiikate, ndiyo dawa yenyewe. Mwenye sukari kwenye damu asiguswe kwa sindano. Aende kwa muuguzi. Kisha miguu ikaushwe kabisa. Asubuhi vazelini kabla ya soksi. Viatu viwe vilivyokwisha kuvaliwa, visiwe vipya vya kupendeza. Nimeona zaidi ya mtu mmoja akilia pale kwenye beseni, na haikuwa kwa maumivu. Mama mzima hajawahi kuoshwa miguu na mtu tangu alipokuwa mtoto mchanga.

Neno la haraka juu ya barabara, kwa kuwa linahusu uhai. Uganda magari hupita kushoto, tofauti na kwetu na Rwanda. Mtu wa Goma akitaka kuvuka anatazama upande usio wenyewe. Tembeeni mkono wa kulia, mkitazamana na magari yanayokuja, mstari mmoja, na usiku msitembee kabisa kwenye lami ile; malori na mabasi ya Mbarara hayana huruma. Jua likipanda na mtu akaanza kizunguzungu, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe polepole kivulini.

Sasa swali lako la pili, la kushukuru bila kusema uongo. Hili ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu.

Kuna watu watakwambia umshukuru Mungu kwa lava. Usikubali. Hakuna mahali popote ambapo Kanisa linamtaka mtu ashukuru kwa kuunguliwa nyumba. Wako pia wahubiri mjini wanaofundisha kwamba ukishukuru kwa sadaka kubwa, Mungu atakurudishia kubwa zaidi. Hiyo ni biashara, na maskini ndiye anayepata hasara ndani yake. Shukrani ni kumtambua aliyekupa kitu, na kumwambia. Haidai kwamba mambo mengine yawe mazuri. Unaweza kuwa na msiba na shukrani siku moja, saa moja, katika sala moja.

Fungua Zaburi kuanzia ya 120 hadi ya 134. Ni zaburi 15 ambazo Waisraeli waliziimba wakipanda Yerusalemu kwa miguu. Ni nyimbo za mahujaji kama wewe. Angalia ya kwanza inavyoanza: haianzi na shangwe, inaanza na mtu aliye katika taabu, anayeishi katikati ya waongo, anayesema yeye anataka amani na wenzake wakisikia hivyo wanataka vita. Mtu wa Kivu anaweza kuisoma bila maelezo. Ya 126 inasema juu ya anayetoka analia akiwa amebeba mbegu za kupanda. Ya 130 inalia kutoka vilindini. Ni katikati ya hizo hizo ndipo zinatokea zile za kufurahi. Waliozipanga hawakuwaambia mahujaji wafute machozi kwanza ndipo waanze safari. Mwaka huu sali moja kila asubuhi, kwa mpangilio wake, na siku ukifika kwenye ya kilio usiiruke uende kwenye ya furaha.

Na wale tunaowaendea, walikwendaje? Karoli Lwanga na wenzake walihukumiwa na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, pale Munyonyo mwishoni mwa Mei 1886, wakapelekwa Namugongo kwa miguu, wamefungwa. Wengine waliuawa njiani. Mathias Mulumba aliachwa Kampala akiwa amekatwa viungo, akafa baada ya siku tatu. Waliofika walikaa karibu wiki nzima wakisubiri kuni zikusanywe, mpaka tarehe 3 Juni, ambayo mwaka ule ilikuwa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 ndio tunaowakumbuka kati ya waliouawa miaka ile. Wakatoliki hao walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, na basilika ya leo imesimama juu ya nguzo 22 kwa ajili yao, mahali alipochomwa Lwanga. Ukiwa pale usijilazimishe kucheka. Ni mahali pa moto. Wewe unajua moto. Una haki ya kukaa kimya mbele ya mahali hapo kuliko wengi.

Basi njia yenyewe ya kushukuru, kwa vitendo, ni hii ninayoitumia na vikundi vyangu. Jioni baada ya kuosha miguu, kabla ya kulala, kila mmoja anataja kitu kimoja alichopokea siku ile, na mkono uliompa. Kitu kimoja, mkono mmoja. Siku za kwanza watu wanasema "namshukuru Mungu kwa ulinzi, kwa uhai, kwa pumzi". Nawakatiza kwa upole: kitu gani? Mkono wa nani? Wanakasirika kidogo. Kufikia siku ya tatu mambo yanabadilika. Huyu anasema pale Lukaya, kwenye wauzaji wa nyama na gonja (ndizi za kuchoma), kijana mmoja alimkatia nusu ya gonja yake, akakataa pesa. Yule anasema mama fulani wa kikundi alimshikia mfuko kwenye mlima bila kuambiwa. Mwingine anasema kwenye mstari wa Ikweta pale Kayabwe, kwenye zile pete kubwa nyeupe za zege, mtoto wa shule alimpa nafasi ya kukaa kivulini. Na anayesema "leo sina" anaruhusiwa, tunasema amina, hatumhubirii. Siku ukisema huna kwa ukweli, umesali vizuri kuliko ungetunga.

Kwa nini mkono? Kwa sababu shukrani ya jumla haimgharimu mtu kitu na haimgeuzi. Ukitaja mkono unagundua kwamba siku nzima ulikuwa unabebwa na watu. Na hilo halifuti deni la mwenye nyumba, halirudishi Buhene, ila ni kweli, na unaweza kulisema mbele ya shirika bila kuona aibu.

Nikuombe kitu kigumu. Usiku ule wa tarehe 22 Mei, na siku zilizofuata mji ulipoamriwa kuondoka, mlilala kwa nani? Gisenyi? Sake? Kwa ndugu Himbi? Hamkulala hewani. Kuna mtu alifungua mlango, akasogeza watoto wake, akawaongezea maji kwenye maharagwe. Kama hujawahi kurudi kwake kumwambia asante, nenda kabla ya Mei. Usibebe zawadi, usinunue soda kwa mkopo. Nenda ukae, mwambie ulichokumbuka. Hiyo ni hija, na inatangulia ile ya Namugongo.

Maombi ya majirani yalikuchosha, nadhani, kwa sababu uliyabeba kama madeni: fulani ataniuliza, fulani mtoto wake hajapona, nimeshindwa. Chukua daftari moja dogo. Kila mtu aandike mwenyewe ombi lake kwa mkono wake. Asiyejua kuandika, binti yako amwandikie mbele yake. Asubuhi soma jina moja, tembea na huyo mtu mpaka saa nne, kisha fungua jina jingine au nyamaza. Ukifika, weka daftari mbele ya altare wakati wa misa, na hapo kazi yako imekwisha. Majibu si yako kuyafuatilia.

Simu pia. Mwaka jana bila shaka walikupigia kuuliza chumvi iko wapi. Kabla ya kuondoka, mbele ya watoto wote, mkabidhi baba yao nyumba kwa mdomo wako, na umwachie ajue mwenyewe chumvi iko wapi. Mwanaume asiye na kazi anaumia sana kuonekana hana kazi hata ndani ya nyumba yake. Utakuwa umempa heshima. Ongeeni mara moja kwa siku, jioni.

Lazima niseme na hili. Ikiwa nauli ya kufika Mbarara itatoka kwenye chakula cha watoto au kwa mkopo wa riba, usiende. Kanisa halimlazimishi Mkristo yeyote kwenda Namugongo, na Mashahidi hawadai nauli. Goma ina shahidi wake, Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana aliyefanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani hapa hapa, akakataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite kuja kwenye sahani zetu. Aliuawa mwaka 2007 akiwa na miaka 26, na alitangazwa mwenye heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Alikuwa rafiki wa maibobo, watoto wa mitaani, akiwalisha na kuwafundisha. Ukitembea kutoka Majengo hadi kanisa lolote la mji huu ukisali kwa maombezi yake, ukipokea maji ya mtu njiani na jioni ukitaja mkono, sioni kilichopungua isipokuwa kilomita. Shirika wasipoelewa, waeleze hivyo hivyo.

Na binti yako. Mtakatifu Kizito alikuwa na umri kama wake, ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote waliochomwa, kwa hiyo siwezi kusema ni mdogo mno kuwatembelea. Ila siku kumi mfululizo ni nyingi kwa mifupa inayokua. Mpande basi mpaka Masaka, muungane na kikundi pale. Kutoka Masaka hadi Kampala ni karibu kilomita 130, kisha 15 hivi kufika Namugongo. Awe na mfuko wake mwenyewe, usiozidi kilo tatu, na wewe usimbebee. Mwache naye ataje mkono jioni, mwache akuoshe miguu ikiwa atataka. Karatasi ya ruhusa ya baba yake kwa ajili ya kuvuka mpaka ishughulikiwe mapema, msiingoje wiki ya mwisho.

Kuanzia sasa, kila Jumapili baada ya misa, mtembee wote wawili kutoka kwenu hadi Mugunga na kurudi, na mifuko ile ile na viatu vile vile. Akirudi bila lengelenge, viatu vinafaa. Akirudi nalo, bado mna muda wa kumtafutia vingine Birere.